Je, Mama Makinda alibebwa? Jibu kwa msomaji wa Kibaigwa

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 28, natunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nataka kujipanga kuingia kwenye siasa kabla ya 2030. Nikilisema hilo kwenye kikao cha tawi, wanaume wanacheka, wanasema wanawake bungeni ni wa kubebwa tu, na mfano wao ni Mama Anne Makinda, eti alipewa uspika kwa sababu ni mwanamke. Naomba unieleze ukweli. Alifikaje pale? Na mimi nianzie viti maalum au nisubiri nigombee jimbo?"

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo neno kubebwa, maana naona ndilo lililokuuma hadi ukaandika. Nimefanya kazi miaka mingi hapa Dodoma nikinukuu majadiliano ya wabunge, na baadaye nikawafundisha wanawake wanaojiandaa kugombea. Sijawahi kufundisha darasa ambalo neno hilo halikutajwa. Wengine hulitaja wakilia.

Ukweli ni huu. Mama Makinda alifunguliwa mlango mara mbili. Mara ya kwanza mwaka 1975, alipoingia bungeni akiwa binti wa miaka 26. Mara ya pili mwaka 2010, chama chake kilipoamua kwamba safari hiyo kiti cha Spika kiende kwa mwanamke. Wanaokucheka wanaiona milango hiyo miwili. Kati ya mlango na mlango kuna miaka 35, na hiyo hawaisemi kwa sababu hawaijui. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hiyo miaka 35.

Anne Semamba Makinda alizaliwa Njombe tarehe 26 Julai 1949. Alisomea uhasibu Mzumbe. Liweke hilo akilini, wewe mwenye daftari la mikopo mkononi, nitalirudia. Mwaka aliotoka chuoni ndio mwaka alioingia bungeni. Siku hizo Bunge lilikaa Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na nchi ilikuwa na chama kimoja. Mwaka huohuo Tabitha Siwale na Julie Manning wakawa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri Tanzania. Jaribu kuona ukumbi huo: karibu wote wanaume, wengi waliopigania uhuru, wazee wenye sauti nzito, halafu binti mhasibu wa miaka 26 anaingia na kuketi. Mlango alifunguliwa, sawa. Ila waliofunguliwa mlango miaka ile walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, na leo majina ya wengi wao hata sisi tuliofanya kazi ya kumbukumbu hatuyataji.

Miaka ya 1980 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Kuanzia 1990 akashika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Alipoingia Rais Mkapa, akapelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma.

Hapo Ruvuma watu hupapita haraka, na mimi naona ndipo palipomkomaza. Waziri anaweza kukaa ofisini na kuletewa taarifa iliyopigwa pasi. Mkuu wa mkoa hana nafasi hiyo. Mahindi yakikosa mnunuzi, wakulima wanakuja kwake. Wanaogombea ardhi, shule isiyo na paa, mpaka, ulinzi, vyote vinaishia mezani kwake, na jioni anatakiwa ajue jina la mwenyekiti wa kijiji ambaye hakubaliani naye. Wewe wa Kibaigwa unalijua jambo hili vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mjini. Umeona jinsi soko lenu la mahindi linavyochemka bei ikishuka, na unajua kiongozi asiyejua kupanga foleni ya malori anavyozomewa.

Kisha jimbo. Kuanzia 1995 alikuwa mbunge wa Njombe Kusini, akaliongoza jimbo hilo hadi alipostaafu mwaka 2015 kwa hiari yake. Miaka 20 ya kurudi kwa watu kila baada ya miaka mitano na kuomba kura, mwanangu. Huko hakuna mbeleko. Siku ya kampeni mwananchi anakuuliza barabara iko wapi, na huwezi kumjibu kwamba wewe ni mwanamke wa kwanza kufanya hiki au kile. Anataka barabara.

Mwaka 2005 akachaguliwa Naibu Spika, chini ya Spika Samuel Sitta. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndicho kipande nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimevaa visikilizio mpaka vinaniachia alama.

Watu hudhani kuongoza Bunge ni kusema "Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo," halafu "Nadhani walioafiki wameshinda." Hiyo ni sekunde kumi ya kazi. Kazi yenyewe utaiona Mei na Juni, wakati wa bajeti za wizara, Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi. Katibu mezani anasoma fungu, kifungu kwa kifungu, kwa namba. Wakifika mshahara wa Waziri, mbunge mmoja anasimama, hajaridhika na majibu kuhusu maji ya kijijini kwake, anasema anakusudia kushika shilingi, yaani kuuzuia mshahara huo mpaka ajibiwe vizuri. Mara wengine kumi wamesimama. Mmoja anaomba mwongozo. Wa pili anasema "kuhusu utaratibu". Wa tatu anataka kumpa taarifa anayezungumza, na anayezungumza anasema hataki taarifa. Saa inakimbia, muda ukiisha mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, wenyewe wanaita gilotini, na kila mtu anataka hoja yake itangulie kabla ya hapo.

Aliyekaa kwenye kiti anatakiwa, papo hapo na bila kupekua, ajue mwongozo unakuja kabla ya nini, utaratibu unaombwa kwa kutaja kanuni ipi, nani bado ana dakika ngapi, na nani ameshaongea. Akikosea, imeingia kwenye Taarifa Rasmi, kumbukumbu ya kila neno linalosemwa bungeni, haifutiki. Mimi niliyekuwa nanukuu nilijua upesi nani amezisoma kanuni na nani anaongozwa na vikaratasi vya makatibu. Asiyezijua, unasikia kimya kirefu kwenye mkanda, halafu karatasi zinapekuliwa. Kwenye mikanda ya Mama Makinda kimya hicho kilikuwa kifupi sana. Anasema "Mheshimiwa, kaa," kwa sauti ya mama wa Njombe aliyezoea kuita watoto shambani, anataja kanuni, anaendelea. Wapo waliochukia ule ukali, hasa wanaume ambao Spika mwanamume akiwaambia waketi wanaketi kimya. Hilo nililiona mwenyewe na liliniuma.

Miaka mitano ya unaibu ndiyo hiyo. Alipofika 2010 alikuwa ameshakikalia kile kiti mara nyingi mno.

Sasa mlango wa pili, na hapa sitakudanganya ili kukufurahisha. Samuel Sitta alikuwa Spika maarufu wa "kasi na viwango". Chini yake Bunge lilichunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Baada ya uchaguzi wa 2010 Sitta alitaka kuendelea. CCM ikaamua mgombea wake awe mwanamke, ikabaki na majina matatu: Anna Abdallah, Kate Kamba na Anne Makinda. Wengi waliona, na bado wanaona, kwamba zamu ya wanawake ilikuwa pia njia ya kumweka Sitta kando. Mimi nadhani yote mawili yalikuwepo. Ndani ya chama walipima, wakampitisha Makinda. Novemba 2010, katika ukumbi wa Bunge hapa Dodoma, akamshinda Mabere Marando wa CHADEMA kwa kura 265 dhidi ya 53, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Kwa hiyo wakikuambia alipata kwa sababu ni mwanamke, wajibu hivi: mwaka ule walitafuta mwanamke, na walipotafuta wakamkuta mmoja ambaye tayari alikuwa mbunge wa jimbo, waziri wa zamani, mkuu wa mkoa wa zamani na Naibu Spika aliyetoka kwenye kiti siku chache zilizopita. Naibu wake katika uspika, unamjua, alikuwa marehemu Job Ndugai, mbunge wenu wa Kongwa, ambaye naye alikuja kuwa Spika baada yake. Ndugai alipopanda kutoka unaibu kwenda uspika hakuna aliyesema amebebwa.

Uspika wake haukuwa shwari. Bunge lile la 2010 hadi 2015 lilikuwa na upinzani mkubwa na wenye maneno. Aprili 2012, ripoti ya Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali ilipoleta moto, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge ili kumpigia Waziri Mkuu Mizengo Pinda kura ya kutokuwa na imani. Mama Makinda akaikataa kwa mkutano ule, kwa hoja ya Katiba, ibara ya 53A: taarifa ya hoja ya namna hiyo inatakiwa imfikie Spika siku 14 kabla, na mkutano ulikuwa unakaribia kufungwa. Wapinzani walikasirika, wakasema anailinda serikali ya chama chake. Lalamiko hilo walimpa mara nyingi katika miaka ile, na sikuambii kwamba mara zote lilikuwa bure. Ila kwa siku ile, ibara ilisema alichosema. Siku chache baadaye Rais Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri na mawaziri kadhaa wakaachwa. Novemba 2014 ndiye aliyekuwa kwenye kiti Bunge lilipojadili fedha za mgogoro wa umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, hadi usiku, na kutoka na maazimio. Baada ya hapo Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Sospeter Muhongo wa Nishati akajiuzulu.

Alipostaafu ubunge hakupumzika sana. Mwaka 2021 Rais Samia alimteua Kamisaa wa Sensa. Tukahesabiwa Agosti 2022, na matokeo yakatangazwa hapahapa Uwanja wa Jamhuri tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120, na katika hao wanawake ni 31,687,990. Mhasibu wa Mzumbe, akiwa na miaka 73, amezunguka nchi kuhimiza watu wahesabiwe. Nilipokuwa nasikiliza zile tarakimu niliwaza jinsi maisha yanavyoweza kuzunguka na kurudi yalipoanzia.

Sasa swali lako la pili, na hili nalijibu kwa ukali kidogo kwa sababu nakutakia mema.

Viti maalum si aibu. Katiba yenyewe, ibara ya 66, inataka wanawake wa aina hiyo wasiwe pungufu ya asilimia 30 ya wabunge wengine, na vyama hugawana viti kwa uwiano wa kura, kwa vile vilivyopata angalau asilimia 5. Mwaka 2010 vilikuwa 102, mwaka 2015 vikawa 113. Bila hivyo ukumbi ungerudi karibu na ule wa Karimjee, maana wanawake wanaoshinda majimboni hawajawahi kukaribia hata theluthi. Lakini vina ukomo ambao hakuna atakayekuambia kwenye kikao cha tawi. Mbunge wa viti maalum hawezi kuwa Waziri Mkuu. Ibara ya 51 inataka awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni. Hana Mfuko wa Jimbo, kwa hiyo akiahidi madawati anaahidi kutoka mfukoni kwake. Na hatima yake iko mikononi mwa wajumbe wachache wa chama, ambao wakiamka vibaya siku ya kura za maoni, miaka mitano yake imekwisha. Unausikia ule msemo wa mtaani, "wajumbe si watu". Haukuzuka hivihivi.

Tazama wanawake waliofika mbali. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, 2010 akagombea jimbo la Makunduchi akashinda, 2014 akawa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba hapa Dodoma, mwaka uliofuata Makamu wa Rais, na Machi 2021 Rais. Dkt. Tulia Ackson, mwalimu wa sheria, aliteuliwa mbunge na Rais Magufuli mwaka 2015 akawa Naibu Spika, 2020 akashinda jimbo la Mbeya Mjini, Februari 2022 akawa Spika, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Makinda, Samia, Tulia: hakuna hata mmoja aliyeanzia jimboni, na hakuna hata mmoja aliyebaki alikoanzia. Wahenga wa mtaani husema ukibebwa, bebeka. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waongeze: na ujue siku ya kushuka.

Kwa hiyo jibu langu: ukipata viti maalum, pokea, ila siku unapoapa uwe tayari unajua jimbo utakalogombea muhula unaofuata. Na kabla ya hapo, kwako wewe wa miaka 28, ningeanza chini zaidi. Kuna uchaguzi wa serikali za mitaa 2029, na 2030 kuna udiwani, wa kata na wa viti maalum. Halmashauri ni Bunge dogo. Ina kamati, ina kanuni za kudumu, ina bajeti inayosomwa kifungu kwa kifungu. Diwani anayejua hesabu ni mtu adimu, na mkurugenzi humwogopa kwa heshima.

Hapo ndipo uhasibu wako unapoingia. Ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni mwezi Aprili na kuwa wazi kwa kila mtu. Tafuta ile ya serikali za mitaa. Usisome utangulizi. Tafuta jina la halmashauri yako, soma kila mstari unaoitaja, uandike kwenye daftari la kaunta: nini kimeulizwa, kiasi gani, mwaka gani, na mwaka uliofuata kilijibiwa au kimerudiwa tena. Fanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Alikuja kwangu diwani mmoja mama wa makamo kutoka vijiji vya Bahi, elimu yake darasa la saba, akiwa na daftari la namna hiyo lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Alifungua ukurasa akanionyesha choo cha shule ambacho fedha zake zilitajwa miaka miwili na hakikuwepo. Alipolisoma kwenye baraza, hakuna mwanamume aliyezungumzia kubebwa. Walikuwa wanatafuta pa kutazama.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hulizunguka, mimi nalisema wazi kwa kila binti. Ukiwa unatafuta kura za ndani ya chama, anaweza kutokea mkubwa atakayekuomba mwili wako ili jina lako lipite. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo. Usikae nalo moyoni peke yako. Mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini siku hiyohiyo, tunza ujumbe, usifute kitu kwenye simu. Nimewahi kukaa na binti mwenye akili kuliko wengi waliomzidi vyeo, aliyeacha siasa kwa ajili ya hilo, na mpaka leo nikipita mtaani kwao nageuza uso.

Fedha za kampeni zungumza na familia mapema, kabla hujatangaza lolote. Usiuze shamba.

Mwisho, njoo Dodoma Aprili, mkutano wa bajeti ukianza. Barabara ni hiyo ya Morogoro, ukitoka alfajiri unawahi kipindi cha maswali na majibu. Wageni huruhusiwa kukaa jukwaani. Wasiliana mapema na ofisi ya mbunge wenu, chukua kitambulisho cha taifa, vaa kwa heshima, simu haitaingia nawe. Ukikaa, usimtazame anayezungumza. Mtazame aliye kwenye kiti, na wale makatibu walioketi mezani mbele yake. Hesabu mara ngapi anageuka kuwauliza. Ukitoka, pitia kwangu tunywe chai, uniambie ilikuwa mara ngapi.